Waya Usiofika kwa Bi Kinue

Novemba 28

Ijulikane kwa wote, walio hai na waliomo katika kabati la kuwaombea marehemu wetu, kwamba leo asubuhi, mbele ya mume wangu Kihachiro, mbele yangu mimi mkewe, na mbele ya mleta mizigo aliyekuwa amebanwa na mkojo, nyumba hii imepokea rasmi sanduku. Sanduku limefunguliwa kwa taratibu zote. Kamba zimekunjwa na kuhifadhiwa. Ndani mlikuwa na mashine ya umeme ya kurusha theluji, rangi ya chungwa, mdomo wazi kama chura anayedai haki yake, na juu ya kichwa shingo iliyopinda ambamo theluji hutokea. Mleta mizigo ametumia choo chetu na kwenda zake. Hotuba hazikutolewa.

Imetumwa na binti yetu Chizuru, anayekaa Saitama. Jioni akapiga simu kutoa masharti. Mwaka jana baba yake alianguka kutoka kwenye paa akiondoa theluji, ubavu ukapata ufa, na Chizuru hajasahau.

"Baba, mambo ya paa basi. Beleshi basi. Mashine hiyo hapo. Ukiumia tena msimu huu, mnahamia kwangu na nyumba tunaifunga. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mama, amenisikia?"

Nikasema amesikia, kwa kuwa masikio yake hayana ugonjwa.

Mimi sitaki kwenda Saitama. Naandika mara moja ili nisilirudie kila ukurasa. Nimefika huko. Ghorofa ya tisa. Nilipouliza maji ya kuoshea mchele wanamwagia mmea gani, wakanionyesha sinki.

Desemba 3

Hakuna theluji. Kihachiro ameipangusa mashine mara mbili.

Desemba 9

Hakuna theluji. Nimemaliza kusoma kijitabu cha mashine. Shule niliiacha mapema, lakini husoma kila kinachoingia nyumbani, hata karatasi za dawa za watu wengine. Kihachiro hasomi maelekezo. Kwake maelekezo yaliandikiwa watu wasio na mikono.

Kijitabu kinasema: tumia waya mnene wa nje, usiwe mrefu kupita kiasi. Upitishe begani, ubaki nyuma yako, mashine isije ikautafuna. Usirushe theluji kwenye barabara, dirisha wala mtu. Kishikio ukikiachia, mapanga yanasimama, na hiyo ndiyo salama yako. Shingo ikiziba, zima, chomoa plagi, ngoja mapanga yatulie, kisha zibua kwa kijiti kilichokuja nayo. Usitie mkono kamwe. Hapo pana picha ya mkono uliopigwa mstari. Mkono mzuri, laini, wa mtu wa mjini.

Nikamsomea yote wakati wa chai. Akauliza kama chai imebaki.

Desemba 14

Theluji ya kwanza, hadi magotini.

Hapa kwetu anayeamka kwanza husafisha mlango wake, kisha hupitiliza kidogo mpaka wa jirani. Kidogo. Ukiishia mpakani kabisa, wewe ni bahili. Ukipitiliza sana, umemwambia jirani kwamba hajiwezi. Kiasi chenyewe hakuna aliyewahi kufundishwa. Kwa beleshi, mgongo ndio unaokuambia: unasafisha, unapitiliza, mgongo unalia, unarudi ndani, na heshima ya kila mtu imebaki ilipokuwa.

Mashine haina mgongo. Kihachiro alisafisha mlango wetu, akavuka mpaka, akaendelea kupanda kuelekea kwa Bi Kinue, mjane wa nyumba ya juu, mpaka waya ulipoanza kumvuta bega kama mtoto anayetaka kurudi nyumbani.

Mzee Tamotsu, mkuu wa mtaa wetu, akapita na mashine yake ya petroli, kubwa kama ndama.

"Kihachiro! Hicho cha kunyolea ndevu, kioo chake kiko wapi?"

"Sogea nikunyoe."

"Afadhali umnyoe shemeji, mimi kidevu changu bado nakihitaji."

Mchana Bi Kinue akashuka na mtungi wa figili za kuchacha, akainama mara nyingi kuliko figili zilizokuwamo. "Nimewasumbua, nimewasumbua sana." Hapo ndipo mambo yalipoanza, ingawa nilidhani ni figili tu.

Desemba 15

"Hatuwezi kukaa tu na figili za mtu," Kihachiro amesema, na asubuhi akaongeza hadi chini ya ngazi za Bi Kinue. Mchana yakaja maharage meusi ya sukari.

Desemba 19

Waya wetu unaishia kwenye ngazi zake. Mlango uko juu ya ngazi. Kihachiro aliuangalia ule umbali kwa uchungu, kama mtu aliyelipa deni lote ikabaki senti. Kisha akaingia kabatini akatoka na waya mweupe mwembamba, uliokuwa ukiwasha televisheni ya zamani, akauunganisha kwenye ule mnene.

"Baba Chizuru, huo ni wa ndani. Kijitabu kinasema…"

"Umeme ni umeme. Ndani unaufahamu, nje haujui uko wapi?"

Mashine ilikwenda, ila kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayesoma bila miwani. Akafika mlangoni. Bi Kinue akatoka na samaki wa chumvi.

Naanza kumwelewa yule bibi. Anavua. Figili ni chambo na mume wangu ndiye samaki. Kakaa kwenye meza yake ya joto, ile yenye hita chini, anatazama mwanamume wa watu akimfungulia njia, na gharama yake ni mboga za shambani.

Desemba 31

Theluji. Figili. Theluji.

Januari 2

Heri ya mwaka. Bi Kinue ameleta mochi, keki za mchele wa kutwangwa, alizozitengeneza mwenyewe. Tumerudisha machungwa. Amerudisha uyoga mkavu. Kihachiro amerudisha kwa kumsafishia hadi banda la kuni, ambalo halitumii.

Januari 8

Leo nimeona kitu ambacho nisingetaka kukiona. Kishikio, kile ambacho ukikiachia mapanga husimama, amekifunga kwa taulo ya kichwani.

"Baba Chizuru, hiyo taulo ni ya nini?"

"Vidole vinakufa ganzi nikishikilia muda mrefu."

"Vikifa ganzi ndiyo unatakiwa uachie. Imetengenezwa kwa ajili hiyo."

"Mama Chizuru, wewe huwa unasoma sana."

Alipokuwa akioga nikaifungua, nikaitundika ikauke. Asubuhi nikaikuta imefungwa tena, kwa fundo zuri zaidi. Kiwandani kazi yake ilikuwa kufunga mizigo.

Januari 11

Nimeugusa ule waya mweupe mwenyewe akiwa kazini juu. Una joto kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Nikampigia kelele. Akajibu kwamba kwenye baridi hii chochote chenye joto ni baraka.

Januari 13

Nimeuficha waya mweupe ndani ya pipa la mchele. Ameupata. Mtu ambaye miaka arobaini hajui chumvi inakaa wapi.

Januari 16

Nikamwendea Mzee Tamotsu kwa siri, nikamwomba aseme naye kiume. Akaja jioni, akanywa pombe yetu, akatazama mashine kutoka pande zote, kisha akasema kwa sauti ya mtaa mzima: "Kihachiro, shemeji anaogopa utakatika mikono, kamwambie hiki hakikati hata tofu laini."

Wamecheka wote wawili. Mimi nimeosha vikombe.

Januari 20

Nimekwenda kwa Bi Kinue kurudisha mitungi mitupu. Kurudisha mtungi mtupu hasa ni utovu wa adabu, kwa hiyo niliweka chumvi kidogo ndani ya kila mmoja. Nilipanda nikiwa nimeshapanga maneno, na hayakuwa mazuri.

Nimemkuta jikoni, jikoni baridi, si penye meza ya joto. Amepiga magoti mbele ya ubao anakata figili. Vidole vyake vimepinda kama tangawizi. Kila kipande alikuwa anakisukumia kisu kwa kiganja, kwa kuwa vidole havibani.

"Masue, mdogo wangu, karibu. Usiangalie, pachafu." Akajaribu kusimama, akashindwa, akacheka. "Figili zinakaribia kuisha. Zikiisha sijui nitamfanyaje mume wako."

"Utamfanyaje vipi?"

"Asubuhi nikiisikia ile mashine inaanza kunguruma kule chini, moyo unanienda mbio. Nasema, ee, leo nitampa nini? Nilikwisha mpa maharage. Nilikwisha mpa samaki. Mwanangu ananiletea chakula cha wiki, nakigawa ninyi mle, mimi nakunywa supu."

"Bi Kinue! Sasa si umwambie aache?"

"Nimwambie mtu aache wema?" Akanitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo. "Wewe mwambie. Wewe ni mkewe."

"Nimwambie kwamba wema wake umekuwa mzigo? Atakaa ndani hadi Mei."

Tukacheka, mpaka akajifuta macho kwa aproni. Kisha tukakaa, wanawake wawili wazima mbele ya figili, tukatafuta nani anaweza kuanza kuacha. Akiacha yeye kutoa, amekosa shukrani. Tukiacha sisi kusafisha, tumemwambia kwamba vyakula vyake havikutosha. Kila mlango tuliogusa ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni adabu zetu wenyewe.

Nilipokuwa navaa viatu akasema, polepole: "Mume wako kifua hakimsumbui?"

"Kwa nini?"

"Huwa anazima, anakaa kwenye ngazi zangu. Anajishika hapa. Anadhani mimi sioni. Mwaka jana alikuwa anafika na beleshi na hakai."

Nimeshuka na njia ile ile aliyoisafisha. Imenyooka, kingo zake zimekatwa sawa kama tofu. Nilikuwa nadhani anajionyesha. Kumbe anajipima. Kila asubuhi anakwenda kuangalia kama bado anafika.

Jioni nilimpa Kihachiro samaki mzima. Aliniuliza nimetenda kosa gani.

Januari 25

Theluji. Anafika.

Januari 26

Theluji. Anafika.

Februari 3

Tumerusha maharage kufukuza mashetani, kama kila mwaka. Mashine bado ipo.

Februari 6

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho.

Theluji ilianza jana na haikupumzika. Asubuhi madirisha ya chini yalikuwa meupe hadi juu. Haikuwa ile kavu inayopeperuka. Ilikuwa nzito, imejaa maji, ile ambayo kijitabu kinataka uichukue kidogo kidogo na uipumzishe mota. Nilimwambia ale kwanza. Alisema atakula akirudi, maana Bi Kinue leo ana siku ya zahanati na gari litampitia mapema.

Nilikuwa jikoni. Sufuria ya umeme ilikuwa inapika wali, birika liko juu, na meza ya joto nilikuwa nimeiwasha akirudi apate pa kuweka miguu. Nilikuwa naisikia mashine kule juu, inanguruma kwa shida, kama mtu anayesukutua koo. Mara kila kitu kikazima. Taa, wali, mashine. Kimya.

Hili hutokea. Nyumba yetu ni ya zamani, haipendi kufanya mambo mengi kwa pamoja. Nikachomoa birika, nikapanda kistuli, nikaisukuma juu swichi kubwa, kama ninavyofanya kila mara. Sikufikiri. Mkono unaijua njia yake. Taa ikawaka. Sufuria ikalia ti. Mashine ikanguruma kule juu.

Kisha ikabadilika sauti.

Sikusikia mtu akipiga kelele. Ndiyo maana nilitoka bila viatu.

Alikuwa amesimama kando ya mashine, mkono wa kulia kaubana kwapani. Glavu yake ilikuwa imelazwa vizuri juu ya theluji, maana aliivua ili vidole vipite. Shingo ilikuwa imeziba. Mashine ilikuwa imekufa yenyewe, na kitu kilichokufa nani anakichomoa plagi? Taulo ilikuwa bado imefunga kishikio, na mapanga yalikuwa bado yanazunguka.

"Mama Chizuru," akasema, kwa sauti ya kuomba chai, "hebu zima."

Nikazivuta zile nyaya pale zilipoungana. Paliniunguza.

Nilipaza sauti, na Mzee Tamotsu akaja mbio akiwa na kandambili. Akamfunga mkono kwa shuka yangu. "Bana hapa, shemeji. Bana. Usiangalie, niangalie mimi." Gari la wagonjwa lisingeweza kupanda, barabara ilikuwa imezikwa. Akawasha ndama wake wa petroli, akatutangulia hadi barabara kuu akitufungulia njia, hakugeuka nyuma na hakutania hata neno moja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilipoangalia juu, Bi Kinue alikuwa mlangoni pake, amevaa nguo za kwendea zahanati, theluji kiunoni. Anainama. Anainuka. Anainama.

Februari 7

Ncha ya kidole cha shahada na ncha ya cha kati. Daktari anasema amebahatika, mashine kubwa ingechukua kiganja.

Kihachiro hajaniuliza umeme ulirudi vipi. Mimi sijamuuliza kwa nini alitia mkono. Tumekula uji.

Februari 9

Nyumbani. Chizuru alipiga simu ya kila wiki. Nilikwisha jiandaa.

"Baba yako hajambo, amejikata kidogo na kisu."

"Tangu lini Baba anashika kisu?"

"Tangu umletee mashine ana muda mwingi."

Akacheka. Kihachiro, upande wa pili wa meza, akafumba macho. Nilipoweka simu chini akasema, "Umesema vizuri." Ni mara ya kwanza kunisifu kwa kusema.

Februari 14

Theluji. Mzee Tamotsu amesafisha kwetu na kwa Bi Kinue, kabla hatujaamka. Kihachiro amekaa dirishani kutwa, anaiangalia kazi ya mwenzake kama mtu anayetazama mkewe akicheza na mwingine harusini.

"Kingo zake zimekwenda upande," amesema.

Februari 20

Bi Kinue amekuja. Hakuleta kitu, mikono mitupu, na hilo peke yake lingetosha kututisha. Amepiga magoti mlangoni, hataki kuingia ndani.

"Sipati usingizi tangu siku ile. Vidole vya mtu vimekatika kwa ajili ya mlango wangu. Nimewaomba radhi ninyi, lakini haikutosha." Akavuta pumzi. "Leo nimempigia Chizuru. Namba yake mlinipa ya dharura. Nimemwomba radhi kwa vidole vya baba yake. Nimemweleza yote, ya mashine, ya waya, ya taulo, nisifiche hata kosa langu moja."

Kihachiro na mimi hatukutazamana.

"Amelia, mtoto mzuri yule," Bi Kinue akasema. "Sasa moyo wangu umetulia kidogo."

Tungesema nini? Tulimshukuru. Kihachiro aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, ule mkono wenye bandeji kauweka mbele kama kitu kisichokuwa chake. Mimi pia niliinama. Tukamshukuru tena alipokuwa anapanda njia.

Simu imelia mara tatu jioni hii. Hatujaipokea.

Machi 8

Chizuru amekuja. Nilitegemea kelele, nikawa nimejipangia majibu ya kelele. Hakupiga kelele. Alitoka nje peke yake, akasimama mbele ya mashine kibandani, akaifungua ile taulo, akaingia nayo ndani, akaiweka mezani katikati ya vikombe.

"Nilinunua hii mashine ili nilale," akasema. "Kila taarifa ya hali ya hewa ikitaja huku kwetu, nasema, si kitu, wanayo mashine."

Kihachiro akaitazama chai yake.

"Baba, naomba jambo moja tu. Nieleze. Umeme ulikuwa umekatika. Mashine imezima. Mkono uko ndani. Nani aliwasha?"

Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye birika. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nakaribia kusema, nadhani nilikuwa nakaribia.

"Ulirudi wenyewe," Kihachiro akasema.

"Umeme haurudi wenyewe, Baba. Lazima mtu…"

"Nyumba ya zamani hii. Huenda, hurudi. Muulize mama yako."

Chizuru akanigeukia. Ana macho ya mama mkwe wangu, nilikwisha sema siku aliyozaliwa.

"Huenda, hurudi," nikasema.

Akatutazama kwa zamu. Kisha akasema, taratibu, kama anayewasemesha wagonjwa, kwamba chumba kimekwisha tayarishwa, kwamba mwisho wa Aprili atakuja na gari, kwamba nyumba itafungwa, kaburi la ukoo atalipatia mtu wa kuliangalia. Aliyasema yote bila kutupa nafasi ya kubisha, na hakuna aliyebisha. Ningeweza kubisha. Ningebisha kwa mdomo upi?

"Haya," Kihachiro akasema.

Machi 21

Tumeisafisha mashine ili Mzee Tamotsu aipeleke kwa atakayeitaka. Mimi nilisoma, yeye akatenda, kwa mkono wa kushoto. Ondoa matope na chumvi. Kausha kabisa, hasa shingo na mapanga. Kaza skrubu zilizolegea. Kagua waya, ukiwa na mchubuko usitumike tena. Hifadhi mahali pakavu, mbali na watoto.

"Plagi imechomolewa?" nikauliza, maana ndivyo kilivyoandikwa.

"Tangu Februari."

Alipofika kwenye mapanga alisimama, akanipa kitambaa. Nikayapangusa mimi. Ni ya mpira tu, ukiyagusa yanakubali kupinda.

Machi 29

Mvua. Tumefunga vyombo. Bi Kinue ameleta karatasi za kufungia. Tumempa mitungi yetu yote.

Aprili 6

Jua tangu asubuhi. Theluji iliyobaki mlangoni kwa Bi Kinue imeyeyuka yenyewe.